Goti la Plastiki na Vichwa vya Mayatima

Hapa Doha joto limeanza kupungua makali na watu wameanza tena kupunga upepo ufukweni jioni. Katika toleo hili tumeona tuwaleteeni kisa kidogo cha goti, na baada yake historia ndefu iliyo nyuma ya kisa hicho. Inatuhusu sisi tulio huku, na inawahusu zaidi wale tuliowaacha nyumbani.

Ijumaa moja alasiri tulikuwa tunacheza mpira, sisi wenye miaka hamsini na ushei ambao tukiuona mpira husahau umri. Mwenzetu mmoja, mtu wa Mombasa, akageuka ghafla, mguu ukabaki nyuma, goti likalia kama kijiti kikavu. Tukamsindikiza hospitali. Daktari hakuanza na maneno mengi. Alinyoosha mkono rafuni akateremsha goti la plastiki: mfupa wa paja juu, muundi chini, pia ya goti mbele, na kano za mpira za rangi mbalimbali. Akalikunja na kulikunjua, akaonyesha mahali palipochanika. Mwenzetu, ambaye hadi hapo alikuwa akiitikia kwa adabu tu, akasema, "Kumbe ni bawaba iliyochomoka msumari."

Daktari akacheka, akasema kwamba goti lile ni la kuonyeshea wagonjwa tu. Yako mengine ya kukatwa na kutobolewa, ambayo madaktari vijana huyafanyia mazoezi kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtu.

"Na hayo hukosewa?" aliuliza mwenzetu.

"Mara nyingi sana," alijibu daktari. "Ndiyo kazi yake."

Jibu lile lilitukaa moyoni, kwani lilitukumbusha nyonga ya mama yetu.

Mwaka 1997, mjini Tanga, mama yetu aliteleza uani akiwa na ndoo ya maji. Mfupa wa paja ukavunjika juu kabisa, karibu na kiungo cha nyonga. Alipelekwa katika hospitali moja ambayo hatutaitaja, akafanyiwa upasuaji. Kazi yenyewe ni ya kuingiza skrubu nene kutoka ubavuni mwa paja, ipande kupitia shingo ya mfupa hadi ndani ya lile tufe linalozunguka katika kikombe cha nyonga. Miezi miwili baadaye skrubu ilitoboa tufe na kutokeza ndani ya kiungo. Mama alitembea kwa mkongojo mpaka alipofariki mwaka 2009.

Daktari aliyemtibu alikuwa kijana mwungwana. Alimweleza kaka yetu wazi kwamba mkubwa wake aliitwa kwenye dharura nyingine siku ile, na kwamba ile ilikuwa nyonga ya kwanza aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe. Kaka hakumkasirikia. Alituambia tu, "Kila fundi ana siku yake ya kwanza. Mama alikuwa siku ya kwanza ya yule."

Tulipomsimulia kisa hiki mhandisi mwenzetu wa Kimisri hapa Doha, alinyamaza kidogo kisha akatupa methali ya kwao: fulani anajifunza kuumika kwenye vichwa vya mayatima. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa kuumika ni nini. Kila mji ulikuwa na mtu wake wa kupiga chuku, na mara nyingi ndiye aliyekuwa kinyozi. Methali inasema kwamba mkono usiojua hutafuta kichwa kisicho na baba wa kukitetea. Tangu siku ile tumekuwa tukisoma historia ya upasuaji wa viungo tukiwa na swali moja: katika kila zama, kichwa cha yatima kilikuwa cha nani?

Tuanze na vitabu. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, hakuwa na ruhusa ya kupasua maiti za watu, kwa hiyo alipasua kima na wanyama wengine na kuyahamishia maumbile yao kwa binadamu. Vitabu vyake vilisomwa kwa zaidi ya miaka 1,000, mashariki na magharibi. Kisha ikaja njaa ya Misri ya mwaka 1200 hadi 1202, baada ya mto Nile kushindwa kufurika. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi alikuwa Kairo wakati huo, na alikuta nje ya mji rundo kubwa la mifupa ya waliokufa. Galen alikuwa ameandika kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana. Abdul-Latif akakagua mataya zaidi ya 2,000, moja baada ya jingine, akaona ni mfupa mmoja. Akaandika kwamba ushahidi wa macho ni wa kutegemewa kuliko maneno ya Galen, pamoja na heshima zote anazostahili.

Huwa tunamtaja Abdul-Latif kwa fahari, na anastahili. Lakini tukiuliza swali letu, mifupa ile ilikuwa ya watu waliokufa kwa njaa bila kupata wa kuwazika. Elimu ilisonga mbele, na malipo yakatoka kwa wasio na mtu.

Ulaya hali ilikuwa hiyo hiyo, tena kwa biashara. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 skuli za utabibu zilihitaji maiti nyingi kuliko sheria ilivyoruhusu, na wezi wakafukua makaburi usiku. Mwaka 1828 mjini Edinburgh watu wawili, William Burke na William Hare, waliona kufukua ni kazi ya bure. Waliua watu 16, wengi wao maskini na wapangaji wa vyumba vya bei rahisi, wakaiuza miili kwa mwalimu wa anatomia Robert Knox. Burke alinyongwa mwaka 1829. Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Anatomia mwaka 1832, na dawa iliyopatikana ikawa hii: maiti wa hospitalini na wa nyumba za maskini ambao hawakudaiwa na ndugu wangeweza kupelekwa skuli za utabibu. Wizi ulikoma. Lakini tangu hapo mtu aliyekufa bila jamaa alijua mwili wake unaweza kwenda wapi. Methali ya Mmisri wetu ikawa imeandikwa katika sheria.

Wakati huo huo walikuwako waliotafuta njia nyingine, na hapa ndipo sanamu zinapoingia. Mjini Florence, Italia, jumba la La Specola lilifunguliwa mwaka 1775 likiwa na sanamu za nta za mwili wa binadamu: misuli, mishipa, viungo, vyote kwa rangi zake. Mfalme wa Austria, Joseph wa Pili, alizipenda akaagiza zaidi ya 1,000 kwa ajili ya skuli ya madaktari wa jeshi mjini Vienna, nazo zikavushwa milima ya Alps kwa nyumbu. Hebu fikirini nta, nyumbu na theluji! Bado zipo Vienna hadi leo.

Nta ina kasoro moja ambayo mhandisi yeyote ataiona: haishikiki. Mwanafunzi huitazama tu. Daktari Mfaransa Louis Auzoux alitatua sehemu ya tatizo hilo. Alitumia rojo la karatasi na gundi, akalikandamiza ndani ya kalibu, na kuanzia miaka ya 1820 akatoa sanamu zinazofunguka kipande kipande, kila kipande kikiwa na namba yake. Kiwanda chake katika kijiji cha Saint-Aubin-d'Écrosville, Normandy, kiliajiri wanakijiji, na sanamu zake zikasambaa duniani. Sasa mwanafunzi aliweza kuufungua mwili na kuufunga tena. Lakini hakuweza kuukata.

Aliyewatangulia wote katika jambo hili, kwa maoni yetu, ni mkunga. Angélique du Coudray wa Ufaransa alipewa mwaka 1759 idhini ya mfalme azunguke nchini kuwafunza wanawake wa vijijini ukunga. Alishona kwa kitambaa, ngozi na pamba nyonga ya mwanamke, na ndani yake mtoto wa kitambaa. Wanafunzi wake, wengi wasiojua kusoma, waliingiza mikono na kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, wakarudia mpaka mikono ikajua. Sanamu yake mojawapo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rouen. Mama huyu alielewa jambo ambalo wapasuaji wa mifupa walichukua karibu miaka 200 kulifikia: sanamu ya kufunzia mkono si lazima ifanane na mwili kwa sura. Inatakiwa ikatae pale mwili unapokataa, na ikubali pale mwili unapokubali.

Sasa tuje kwenye viungo. Hadi katikati ya karne ya 20 mvunjiko mwingi ulitibiwa kwa plasta na kwa kuvuta mguu kitandani kwa wiki nyingi, na mgonjwa akiinuka, kiungo kilikuwa kimeganda. Mwezi Novemba 1958, katika mji wa Biel, Uswisi, wapasuaji 13 wakiwamo Maurice Müller, Martin Allgöwer, Robert Schneider na Hans Willenegger waliunda kundi lililojulikana kama AO. Walitaka mifupa ifungwe kwa bamba na skrubu imara ili mgonjwa aanze kukunja kiungo mapema. Walijua pia kwamba vyuma vile vikiangukia mikono isiyofunzwa vitaleta maafa. Basi Desemba 1960, huko Davos, walifanya kozi yao ya kwanza. Wapasuaji, wengine wakubwa wenye majina, waliketi mezani kama mafundi wanagenzi, wakashika keekee, wakapima urefu wa skrubu, wakakaza, wakakosea, wakarudia.

Mifupa ya watu ni haba, hukauka, na hakuna miwili inayolingana. Kwa hiyo viwanda vya mifupa ya bandia vikazaliwa. Mwaka 1978, kisiwani Vashon katika jimbo la Washington, Marekani, ilianzishwa kampuni ya Pacific Research Laboratories, ambayo mifupa yake inajulikana kwa jina la Sawbones, jina la utani ambalo Waingereza wa zamani waliwapa wapasuaji kwa ajili ya misumeno yao. Uswisi nako ilikuja Synbone mwaka 1988.

Turuhusuni hapa tuzungumze kihandisi kidogo. Mfupa ni ganda gumu lenye sponji ndani. Mifupa ya bandia huigiza sponji kwa povu gumu la plastiki, aina ya polyurethani, na ile ya hali ya juu hufunikwa ganda la gundi ya epoksi iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Povu hilo hutengenezwa kwa uzani maalumu. Liko la kilo 320 kwa mita ya ujazo, liko la kilo 160, liko la kilo 80, na Wamarekani wana kipimo rasmi kiitwacho ASTM F1839 kinachoeleza kila daraja. La kilo 320 linang'ang'ania skrubu sawasawa. La kilo 160 hutumika mara nyingi kuigiza mfupa wa mzee uliodhoofika, na humo skrubu ikikazwa zaidi kidogo tu, inazunguka bure.

Mkono hujifunza nini hapo? Hujifunza kwamba keekee ikipita ganda la kwanza hulegea ghafla, kisha hugota ganda la pili, na mtu asiyejizuia atapitiliza upande wa pili kwenye mishipa ya damu. Hujifunza kuacha kukaza kabla mfupa haujasagika. Hakuna kitabu kinachoweza kueleza mahali pa kuacha. Ni kama kumweleza mtu kwa barua jinsi ya kujua kwamba nazi imekomaa kwa kuitikisa.

Kisha ikaja fani iliyozidisha haja ya sanamu. Mwaka 1918, Tokyo, Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti kwa darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo. Mwanafunzi wake Masaki Watanabe aliendeleza kazi hiyo hadi darubini yake namba 21 ya mwaka 1959, na mwaka 1962 akaondoa kwa njia hiyo kipande cha gegedu iliyochanika ndani ya goti. Badala ya kulifungua goti lote, tundu mbili ndogo zinatosha: moja ya darubini, moja ya chombo.

Lakini hebu mjaribu kufunga kamba za viatu mkitazama kwenye televisheni, kwa vijiti viwili, huku mkono wa kushoto ukiwa ndio jicho. Ndivyo ilivyo. Anayejifunza hugongagonga, na kila anapogonga hukwaruza gegedu laini ambayo, ikishaharibika, mwili hauirudishi kama ilivyokuwa. Mgonjwa amelala, hajui. Hapa kichwa cha yatima ni goti la yeyote aliyeangukia zamu ya mwanafunzi.

Je, goti la plastiki linasaidia kweli, au ni mchezo tu? Watafiti wa Oxford waliuliza swali hilo na kuchapisha jibu mwaka 2008. Waliwachukua madaktari 20 walio mafunzoni, wakawagawa kwa kura. Nusu walifanya mazoezi kwenye goti la mezani, nusu hawakufanya. Kisha wote wakatazamwa wakifanya kazi kwenye chumba halisi cha upasuaji. Waliofanya mazoezi waliwashinda wenzao waziwazi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2015, huu wa bega, ukaongeza jambo muhimu zaidi. Madaktari waliotakiwa kufikia kiwango fulani kwenye sanamu kabla ya kusonga mbele walifanya makosa pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko waliofunzwa kwa njia ya kawaida. Waliopewa sanamu bila sharti la kufaulu hawakupata faida kama hiyo.

Tunaomba msomaji alishike hilo. Kununua sanamu na kuiweka kabatini hakumwokoi mtu. Inayookoa ni ile kanuni kwamba hupiti mlango huu mpaka plastiki ikupitishe.

Mji huu tunaoishi umeinukia katika zama hizo za plastiki, na umelipia. Hospitali ya Rumailah ilifunguliwa mwaka 1957, na Hamad General mwaka 1982. Chuo cha tiba cha Weill Cornell kilianzishwa hapa mwaka 2001, na baada ya Michezo ya Asia ya Desemba 2006 ikafuata Aspetar, hospitali ya mifupa na michezo, mwaka 2007. Sisi wakazi wa zamani tunakumbuka eneo lile likiwa vumbi na winchi. Shirika la Hamad nalo lina kituo cha mazoezi ya tiba kinachoitwa Itqan. Neno hilo la Kiarabu maana yake ni kuifanya kazi kwa ukamilifu usio na dosari, na tunaona hawakukosea kulichagua. Wachezaji kutoka nchi nyingi za Afrika wamekuja hapa kutengenezwa magoti na nyonga.

Basi mpwa wetu, daktari aliye katika mafunzo ya upasuaji wa mifupa huko Tanzania, alipotupigia simu mwaka juzi, tulidhani anataka nafasi ya kuja Doha. Hakutaka. Alisema, "Mjomba, mkija likizo msiniletee simu wala viatu. Nileteeni mifupa."

Tulimuuliza anafanyaje mazoezi. Akatueleza: mguu wa mbuzi kutoka buchani, bomba la plastiki lililoshindiliwa sponji, na mwanzi. Mwanzi hasa tuliupenda, kwani una ganda gumu na uwazi ndani, na keekee huruka ndani yake karibu kama kwenye muundi wa mtu. Alikuwa amefikia mwenyewe wazo lile la mama du Coudray.

Wala tusidhani nyumbani hakuna kilichofanyika. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, ilipata sheria yake mwaka 1996, na wodi zake zinajua ajali za pikipiki kuliko tunavyoweza kueleza. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki hutumika chuma cha SIGN, kilichotokana na shirika lililoanzishwa mwaka 1999 huko Richland, Washington, na mpasuaji Lewis Zirkle. Ni nondo inayopita ndani ya mfupa uliovunjika. Kwingineko nondo kama hiyo huhitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, ili mpasuaji aone tundu za skrubu. Zirkle aliweka mkono wa chuma wa kulengea ulio nje ya mguu, na mpasuaji huipapasa tundu kwa kifaa chembamba mpaka asikie imeshika. Kazi inategemea hisia za mkono, na hisia za mkono ndizo mfupa wa povu unazozifunza vizuri. Kampala nako, wapasuaji wa Mulago na wahandisi wa Chuo Kikuu cha British Columbia walishirikiana kutumia keekee za umeme za maseremala zilizovikwa mfuko maalumu usiopitisha vijidudu, kwa kuwa keekee ya hospitali bei yake haishikiki. Werevu upo. Kinachopungua ni vitu vya kukosea.

Tukanunua mifupa. Tuliona kwamba ule wa nyuzi za kioo, mmoja tu waweza kupita dola 100, tukachagua ya povu la kawaida ili ipatikane mingi: sehemu za juu za mfupa wa paja, pamoja na tufe lake. Tuliijaza kwenye sanduku, tukaizungushia kanga za wifi zetu. Uwanja wa ndege, kijana wa ushuru alipoitazama skrini alituita pembeni kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayetaka kutuokoa na aibu. Akafungua sanduku, akafunua kanga ya kwanza, akaruka nyuma. Tukamwomba aushike. Aliushika, akaona ni mwepesi kama sponji, akaanza kucheka, akawaita wenzake. Mmoja wao akasema mama yake amevunjika nyonga, yupo kitandani. Hakuna aliyecheka tena. Wakatufungia sanduku wenyewe, tena kwa uangalifu.

Sasa turudi kwa mama yetu, maana kuna jambo tulilolibakiza makusudi. Mwaka 1995, miaka miwili kabla hajaanguka, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Michael Baumgaertner walichapisha kipimo rahisi. Unapima umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha lile tufe la nyonga, kwenye picha ya mbele na ya ubavuni, kisha unajumlisha. Katika mivunjiko 198 waliyoichunguza, hakuna skrubu hata moja iliyotoboa pale jumla ilipokuwa chini ya milimita 25. Kaka yetu alikuwa amezihifadhi picha za eksirei za mama katika bahasha yake ya kahawia. Tulizipima mezani hapa Doha. Picha ya eksirei hukuza vitu, lakini unene wa skrubu unajulikana, na huo ndio uliotupa kipimo cha kusahihishia. Jumla ya mama ilikuwa milimita 41.

Tuliitazama namba ile kwa muda mrefu. Milimita 16 za ziada, na ndizo zilizompa mkongojo kwa miaka 12. Hazikuhitaji mashine ya mamilioni. Zilihitaji kijana yule awe ameshakosea mahali pengine kwanza, na mtu wa kumwambia kwamba hapiti mpaka afike 25.

Tunakiri pia kwamba sanamu zenyewe hazijakamilika. Hazitoki damu, haziogopi, hazina shinikizo la damu. Nyingi zimechongwa kwa kipimo cha mwanamume mwenye maungo makubwa na mifupa mizito, ilhali wanaoanguka uani ni mama zetu, wafupi, wenye mifupa iliyokwisha nguvu. Ndiyo maana tulipoagiza mara ya pili tulitaka mifupa midogo, ya povu lile la kilo 160. Mpwa wetu alituandikia kwamba ule laini ulimwaibisha. Skrubu aliyoizoea kuikaza kwenye povu gumu, huku ilizunguka bure.

Mwezi uliopita alitutumia picha. Mifupa imepangwa juu ya meza ya jikoni kwake, yote imetobolewa mpaka inasikitisha, na juu ya kila mmoja ameandika kwa kalamu nyeusi jumla ya milimita aliyoipata. Ya kwanza 44. Kisha 38, 41, 33, 35, 29. Mstari wa mwisho ni 24, 22, 25, 23. Tuliitafuta namba ya mama, tukaiona mfupa wa tatu, imeandikwa juu ya povu.

Msomaji atakayesafiri mwaka huu na kubakiwa na kilo mbili kwenye sanduku, atuandikie. Mifupa ni myepesi, na kanga za kuizungushia zipo. Tukutane toleo lijalo, panapo majaaliwa.